Aliyebaki Usambiro

Ndugu msomaji, nianze na jambo la aibu. Mimi ni mtoto wa Geita. Nimezaliwa huko, nimesoma huko mpaka kidato cha nne, halafu kama vijana wengi nikapanda basi kuja Dar es Salaam, mfukoni nikiwa na nauli ya kuja tu, na kwenye begi daftari mbili za riwaya ambayo mpaka leo haijaisha. Nauza soda na vocha katika kibanda cha mjomba, Temeke. Hapo kibandani ndipo nilipofundishwa historia ya kwetu, na walionifundisha si watu wa kwetu.

Walikuja saa nane mchana, jua linachoma. Vijana wawili, mashati meupe, tai, na kibao cheusi chenye jina kifuani. Mmoja Mmarekani, wa pili Mganda. Wamormoni hao, au kama wenyewe wanavyopenda kuitwa, waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo liliandikishwa hapa Tanzania mwaka 1992. Yule Mmarekani ndevu hazijaota, lakini cheo chake katika kanisa lao ni kile wanachokiita kwa Kiswahili "Mzee". Nikamtania: "Shikamoo, Mzee." Naye kwa heshima zote akaitikia: "Marahaba!" Mwenzake akacheka mpaka soda ikampalia.

Tukaongea. Mimi ni mdadisi, nikawauliza mshahara wao kiasi gani. Hakuna mshahara. Kijana wa kiume anaanza utumishi akiwa na miaka 18, anakaa miaka miwili popote atakapopangiwa, na gharama ni za kwake na familia yake. Kuamka ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Huendi mahali bila mwenzako. Mchumba, hakuna. Mpaka mwanzoni mwa 2019 walikuwa wakiruhusiwa kupiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka. Tangu hapo ni kila wiki, siku ile wanayofua nguo na kupumzika. "Na ukimkumbuka mama katikati ya wiki?" nikamwuliza Mmarekani. Akafikiri kidogo. "Nafanya kazi," akasema.

Yule Mganda ndiye aliyeuliza natoka wapi. Nilipomwambia Geita, nikangoja aseme dhahabu, maana kila mtu husema dhahabu. Akasema: "Mackay alifia kule kwenu." Mackay gani? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa Nyerere gani. Kwao, anasema, kila mtoto wa shule anamjua.

Basi nikaanza kutafuta. Nimesoma nilichopata, na hapa nakupa msomaji kile kilichonikamata koo.

Alexander Mackay alizaliwa Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji, lakini mtoto alipenda vyuma. Alisomea uhandisi Edinburgh, akaenda kufanya kazi ya kuchora mashine Berlin. Mwaka 1875 Henry Stanley, aliyekuwa kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, aliandika barua iliyotokea katika gazeti moja la London akiomba wamisionari waende huko. Chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, kikakusanya watu wanane, na Mackay, mwenye miaka 26, alikuwa mdogo kuliko wote. Walipokuwa wakiagwa alisimama akawaambia wakubwa wa chama jambo lisilosemwa kwenye sherehe: kwamba ndani ya miezi sita huenda mmoja wao atakuwa amekufa, na habari hiyo ikifika wasikate tamaa, watume mwingine. Walisafiri Aprili 1876. Agosti mwaka ule ule mmoja alikuwa tayari kaburini.

Mackay mwenyewe aliugua njiani akarudishwa pwani. Alipopona akapewa kazi ya barabara, kutoka Saadani hadi Mpwapwa, zaidi ya kilometa mia tatu za kukata miti na kujaza makorongo. Wenzake wakatangulia ziwani. Mizigo yao yote ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, pamoja na mashua iliyokatwa vipandevipande, jina lake Daisy. Wapagazi hawa, ndugu msomaji, walilipwa kwa vitambaa, shanga na waya, na kitambaa kilichopendwa kuliko vyote kikaitwa merikani kwa sababu kilitoka Marekani. Majina ya wazungu wanane yameandikwa vitabuni. Majina ya waliobeba mashua mabegani nimeyatafuta, sikuyapata.

Kituo chao huku kilikuwa Kageye, kijiji cha Wasukuma ufukweni mwa ziwa, mashariki ya Mwanza. Mackay alipofika Juni 1878 alikuta nini? Daktari wa msafara, John Smith, alikuwa amekufa hapo hapo Mei 1877. Luteni Shergold Smith na O'Neill walikuwa wameuawa Ukerewe Desemba 1877: mfanyabiashara wa pwani aitwaye Songoro aligombana na Mtemi Lukonge, akakimbilia kwao, nao wakakataa kumtoa. Wengine walikufa au kurudi kwa ugonjwa. Kati ya wanane, waliobaki kazini ni Mackay na Mchungaji Wilson, ambaye wakati huo alikuwa ng'ambo ya ziwa, Buganda.

Ndani ya banda kulikuwa na lundo. Vyuma vya mashine ya mvuke, Biblia, dawa, misumari, mitambo ya kuchapia, vyote vimechanganyika. Daisy iko mchangani, mbao zimepasuka kwa jua na kuliwa na mchwa. Hebu jiweke wewe hapo. Una miaka 28, wenzako wamekufa, barua ya kutoka kwa baba inachukua miezi, na kile ulichotumwa kuhubiri kiko chini ya lundo la vyuma. Kijana huyu alifanya nini? Alianza kupanga misumari. Siku baada ya siku akatenganisha kitu na kitu, akaunganisha mashine mpaka ikasimama, watu wa Kageye wakija kutazama. Humo jioni aliandika shajara na kusali. Mimi naamini kwake hivyo havikuwa vitu viwili. Kuna watu imani yao inakaa mdomoni, ya huyu ilikaa kwenye vidole.

Halafu kuna safari ya Ukerewe. Wengi walitarajia kisasi kwa ajili ya wale wawili waliouawa. Mackay akavuka kwenda kwa Lukonge bila silaha. Watu wa Kageye walimsihi asiende. Waliona ni mtu anayekwenda kufa. Alikaa kwa mtemi siku kadhaa, wakazungumza, wakafanya urafiki, akarudi mzima. Vitabu vya kimisionari vinalisimulia hili kama ushujaa wake peke yake. Mimi naona vilevile busara ya Lukonge, mtemi aliyemwona mzungu wa kabila la wale aliowaua akija mikono mitupu, akaamua kumwacha arudi kwake. Nani alikuwa na zaidi cha kupoteza? Amua mwenyewe.

Agosti 1878 akaondoka na Wilson kwa Daisy. Dhoruba ikawavunja pwani ya magharibi. Wakakata futi nane za katikati ya mashua, wakaunganisha mbele na nyuma, na mbao za katikati wakazifanya viraka. Wiki nane. Mashua fupi ikaelea, na Novemba wakafika Buganda.

Ya Buganda sitayakalia, Waganda wanayasimulia vizuri kuliko mimi. Miaka karibu tisa: kwa Mutesa alianza kazi kwa Kiswahili, akisoma tafsiri za Askofu Edward Steere wa Unguja, kabla hajakimudu Kiganda. Watu wakamwita Muzungu wa Kazi. Alichonga herufi za mbao kwa mkono ili achape karatasi za kufundishia kusoma, na hapa nawaambia waandishi wenzangu tunaolalamikia gharama za uchapaji: mtu huyu alichonga "a" mpaka "z". Aligombana pia, tena kwa maneno makali, na mapadre wa Kifaransa na Waislamu mbele ya Kabaka, jambo ambalo halikumpa sifa yeye wala wao. Mwanga alipotawala, vijana waliokuwa wanafunzi wake walichomwa moto, watatu wa kwanza Januari 1885, wengine wengi 1886. Julai 1887 Mackay akafukuzwa.

Ndipo alipokuja kwetu. Na hapa vitabu vingi vinaanza kukimbia, kama basi linalopita kituo kisicho na abiria. Kwao kusini mwa ziwa ni njia tu ya kwenda Uganda. Lakini Mackay alikaa Usambiro karibu miaka miwili na nusu, kusini ya ziwa, si mbali na milima ya Geita. Alijenga nyumba ya udongo yenye kuta nene, rafu zimejaa vitabu, na karakana. Vijana Waganda waliokuwa wamekimbia mateso wakaja kukaa naye. Asubuhi kupasua magogo na kufua chuma, maana alitaka kuunda mashua ya mvuke, mchana darasa, usiku kutafsiri Injili kwa Kiganda. Machi 1888 akawazika hapo wageni wake wawili, mchungaji Blackburn na Askofu Parker, katika mwezi mmoja.

Kitu kimoja kinanifurahisha. Nchi hii ya Wazinza ilikuwa tayari na wahunzi mashuhuri, Warongo, waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa Usukuma na Unyamwezi, na jembe lilikuwa kama fedha, hata mahari ilitolewa kwa majembe. Kwa hiyo mhunzi wa Uskoti alijenga karakana yake katika nchi za jirani ya wahunzi. Dhahabu hakuitafuta. Wajerumani ndio walioiona katika miaka ya 1890, mgodi wa Geita ukachimbwa kuanzia miaka ya 1930 mpaka 1966, ukafunguliwa upya mwaka 2000. Sisi tukajulikana kwa hiyo.

Mwisho wa Agosti 1889 Stanley akapita Usambiro akiwa na Emin Pasha, msafara umechoka, wengi wagonjwa. Akakuta ua umefagiliwa, ng'ombe, mbuzi, watoto wanajifunza, na mtu mfupi mwenye ndevu za kahawia, kavaa kitani nyeupe. Stanley alishangaa kuona mtu aliyekaa Afrika zaidi ya miaka kumi bila kurudi kwao hata mara moja na bado anafanya kazi kama aliyeanza jana. Nafasi ya kuondoka ilikuwa hiyo, na msafara mzima wa kumsindikiza mpaka pwani. Chama pia kilikuwa kimemtaka aende kupumzika. Alikataa. Aliwaambia hawezi kuondoka kabla hajaja mwingine wa kushika nafasi yake.

Nimelifikiri sana jibu hilo. Wengine wataliita ukaidi. Na nisimpambe: mtu huyu huyu aliandika barua akitaka Waingereza waingie na kulinda nchi hizi, na walioingia waliingia kutawala. Hata Usambiro yenyewe haikuangukia kwa Waingereza. Julai 1890 Uingereza na Ujerumani ziligawana ramani, huku kwetu kukawa kwa Wajerumani, hakuna aliyemwuliza mtemi yeyote. Imani yake na bendera vilisafiri njia moja. Lakini siku ile ya Stanley hakuna bendera iliyomzuia. Kulikuwa na wale vijana wakimbizi, magogo hayajapasuliwa, na sura za Injili hazijaisha.

Februari 1890 homa ikamkamata. Alikufa tarehe 8, na miaka 40. Mwenzake mmoja tu Mwingereza alikuwepo, naye mgonjwa, alikuwa akijiandaa kurudi pwani. Jeneza lilitengenezwa kwa mbao za ile mashua aliyokuwa akiiunda. Walimzika kando ya Askofu Parker, vijana Waganda wakiimba kwa lugha yao. Mashua haikuelea. Mwaka 1927 mifupa yake ilifukuliwa ikapelekwa Kampala, ikazikwa Namirembe, ambako yule Mganda wa kibandani aliliona kaburi akiwa mtoto.

Wiki mbili baadaye wale Wazee wangu walipita tena. Nikawaambia nimemjua Mackay. Mmarekani alikuwa hajamsikia, mwenzake hakuwahi kumsimulia, kwa hiyo nikamsimulia mimi, mtoto wa Geita, na Kiswahili chake kilipokwama Mganda akamsaidia. Nilipofika kwenye futi nane za Daisy alinyamaza muda. Aliniuliza: "Na alikuwa akiogopa?" Sikujua kumjibu. Nikampa soda ya bure, mjomba asisome hapa.

Jioni nikampigia mama. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia, ingawa jua lilishazama, ni mazoea yetu ya utani. Nikamwuliza kama amewahi kusikia mzungu aliyezikwa Usambiro zamani. Hajasikia. Nikamsimulia yote, mpaka walipomfukua.

"Kwa hiyo walimchukua," mama akasema.

"Walimchukua."

Kimya kidogo, nikasikia mbuzi nyuma yake. Kisha akauliza: "Na wewe unarudi lini?"

Nikamwambia salio linaisha. Mimi, ninayeuza vocha.