Tahadhari kwa umma afisa wa polisi anaposhambuliwa

Hili ni tangazo la dharura linalowaomba raia wasaidie kumpata mshukiwa aliyemuua au kumjeruhi vibaya afisa wa polisi. Nchini Marekani huitwa Blue Alert. Sheria yake ya kitaifa ilitiwa saini mwaka wa 2015, ikapewa majina ya maafisa wawili waliouawa jijini New York Desemba 2014. Hutolewa tu pakiwa na maelezo ya kutosha kumhusu mshukiwa au gari lake.

Nchini Kenya, habari hupashwa kupitia nambari za simu 999 na 112, machifu na mpango wa Nyumba Kumi ulioanzishwa 2013. Katika milima ya Kilungu, Kaunti ya Makueni, naibu chifu na redio za Kikamba, kama vile Musyi FM, ndio njia ya karibu ya kuwafikia wakazi.

Hata hivyo, tangazo lisilo na maelezo kamili laweza kumponza mgeni asiye na hatia mikononi mwa umati wenye hasira. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 chasema mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Wajibu wa raia ni kupiga ripoti. Kuhukumu ni kazi ya mahakama.