Wazazi Walitangulia Sheria

Mwaka 1943 Dakta Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza hali ya watoto 11, ambayo leo twaiita usonji. Baadaye wataalamu wakawatwika akina mama lawama, eti ubaridi wao ndio uliowaharibu watoto. Lawama hiyo ya uongo ilidumu miaka mingi.

Wazazi wa Uingereza, akiwamo daktari Lorna Wing, hawakukaa kulia. Mwaka 1962 waliunda chama. Mwaka 1965 wakafungua shule London. Sheria ya kufuta kauli kwamba wapo watoto wasiofundishika ilikuja mwaka 1970.

Nilipokuwa nikifunza walimu, somo hili halikuwamo katika mihtasari yetu. Basi, mwalimu, mzazi abishapo hodi na mtoto wa namna hii, jua amekwisha kuhukumiwa na majirani. Mkaribishe kwanza, maswali yatafuata.