Bekoni, Jibini na Meza ya Upare

Kitafunwa chenyewe hakina ugumu wa kukieleza. Jibini ngumu hukatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba, kila kipande kikazungushiwa ukanda mwembamba wa bekoni na kushikizwa kwa kijiti cha meno, kisha vyote hupangwa kwenye kikaango kikavu au hutiwa katika tanuri mpaka mafuta yachuruzike na nyama ikauke. Mpishi mzoefu huvigandisha kwanza vipande vya jibini, visije vikayeyuka na kumwagika kabla nyama haijaiva. Huliwa kwa mkono, watu wakiwa wamesimama, glasi ikiwa mkono wa pili. Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria walifunga chaza kwa namna hiyohiyo. Wamarekani wakaendelea kufunga karibu kila kinachofungika. Sasa kimeanza kuonekana katika orodha za vitafunwa vya sherehe zetu, hata huku Same, kikitanguliwa na sambusa na kufuatwa na mishikaki.

Nakiandikia makala kwa sababu ni chakula kidogo chenye siasa nyingi. Nguruwe na jibini ya namna hii vililetwa Afrika Mashariki ya bara na wageni, na kila kimoja kina habari zake. Vikifika Kighare vinakuta habari nyingine, ya watu waliokwisha kugawanywa na wamisionari katika suala la nini kinaingia kinywani, ambao hata hivyo wameendelea kuoana.

Nianze na bekoni. Kwa Mwingereza haikuwa anasa. Ilikuwa kifungua kinywa cha taifa. Serikali ya London ilipoanza mgawo wa chakula tarehe 8 Januari 1940, vitu vitatu vya kwanza kuwekewa kiwango vilikuwa bekoni, siagi na sukari, na bekoni haikuachiwa huru hadi Julai 1954. Walowezi waliokuja Kenya walikuja na hamu hiyo. Mapema katika karne ya 20 walikuwa na kiwanda chao Uplands, katika nyanda za juu za Kiambu, kando ya reli, mahali penye baridi inayofaa kukaushia nyama kwa chumvi na moshi.

Nchi yenyewe haikuwapokea nguruwe wao kwa ukarimu. Walikufa kwa makundi kwa homa ambayo hakuna daktari wa mifugo wa Ulaya aliyekuwa akiifahamu. Mwaka 1921 Montgomery, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Kenya, aliieleza kitaalamu kwa mara ya kwanza. Ngiri wa porini hubeba virusi vyake bila kuugua, na papasi wanaoishi katika mashimo ya ngiri huvipeleka kwa nguruwe wa kufugwa. Homa hiyo haina tiba. Mwaka 1957 ilivuka bahari ikafika Ureno, na mwaka 2018 ikaingia China na kuteketeza mifugo kwa mamilioni. Anayefuga nguruwe wilayani Same, ambako mbuga ya Mkomazi yenye ngiri wake inaanzia kilomita chache tu kutoka mjini, anaishi jirani na chanzo cha tatizo ambalo dunia nzima inalitafutia dawa.

Lakini kilichonifanya niitazame bekoni kwa jicho jingine ni Septemba 1947. Mwezi Januari mwaka huo wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wamesimamisha mji wao kwa mgomo mkuu, na ndani ya mgomo huo likazaliwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, likiongozwa na Chege Kibachia. Kibachia alipopanda bara kueneza chama, serikali ilimkamata mwezi Agosti, ikampeleka kizuizini Kabarnet, Baringo. Wiki chache baadaye wafanyakazi wa kiwanda cha bekoni cha Uplands waligoma. Polisi wakafyatua risasi, na wafanyakazi watatu wakauawa. Wanafunzi wangu wengi wanaijua Mau Mau. Ni wachache mno waliowahi kusikia Uplands. Tunafundisha mapambano ya Kenya kana kwamba yalianzia msituni, ilhali yalikwisha kupita bandarini, relini, na katika chumba cha kukatia nyama ambayo wengi wa waliokuwa wakiikata hawakuwa na uwezo wa kuinunua.

Jibini haina damu kiasi hicho, nami sitakaa nayo sana. Wafugaji wa Afrika Mashariki walijua maziwa kuliko wageni wao, ila waliyahifadhi kwa njia nyingine: mgando katika kibuyu, na samli. Jibini ngumu hutaka kimeng'enya cha tumbo la ndama, chumba cha baridi, na miezi ya kungoja. Mtu mwenye ng'ombe wawili na watoto watano hana cha kungojea. Walowezi walikuwa na ng'ombe wengi na soko lililolindwa, na mwaka 1925 wakaunda ushirika wao wa viwanda vya maziwa huko Naivasha. Kwetu Tanzania jibini inatengenezwa Njombe na kwingineko penye baridi, na ni nzuri. Bei yake, hata hivyo, bado inamweleza mnunuzi kuwa haikukusudiwa kwa kila mtu.

Sasa turudi milimani. Mwaka 1903 wamisionari wawili Waadventista kutoka Ujerumani, Ehlers na Enns, walifika Upare Kusini na kuanzisha kituo chao cha kwanza Giti. Walikuja na Jumamosi na walikuja na sura ya 11 ya Mambo ya Walawi: mnyama mwenye kwato zilizogawanyika asiyecheua ni najisi. Walutheri wa Misheni ya Leipzig nao walikuwa katika milima hiyohiyo, na Wakatoliki wakafuata. Hao hawakuwa na ugomvi na nguruwe. Uislamu ulikwisha kupanda kutoka tambarare kwa njia za biashara, nao ulikuwa na katazo lake. Hivyo katika muda wa kizazi kimoja Wapare walipata makatazo mapya kutoka Mashariki na kutoka Marekani kupitia Ujerumani, pamoja na ruhusa mpya kutoka Ulaya, yote yakihusu mnyama ambaye babu zao hawakumfuga.

Matokeo yake nimeyaona katika kamati ya sherehe ya kipaimara huko Kighare, ambako nilikuwa mjumbe. Kijana mmoja aliyeishi mjini alipendekeza kitafunwa hiki kwa moyo mkunjufu kabisa. Mama mmoja akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, na wakwe zetu Wasabato utawapa nini? Na shangazi yako wa Makanya, anayefunga Ramadhani?" Kijana akajibu kwamba asiyetaka asile. Mama akasema, "Sinia likipita mbele ya mgeni mara tatu akakataa mara tatu, umemwalika au umemtangaza?" Katika semina zote za utangamano wa kidini nilizohudhuria, sijasikia swali lililopangwa vizuri kuliko hilo.

Jibu la kijana lina uzito wake, tusilidharau. Mwezi Aprili 1993 jijini Dar es Salaam kundi la Waislamu lilivamia na kubomoa mabucha ya nyama ya nguruwe. Sheikh Yahya Hussein, kiongozi wa BALUKTA, alikamatwa, na baraza hilo likafutwa. Rais alikuwa Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu, ambaye wananchi walikwisha kumpa jina la Mzee Ruksa kwa kufungua milango ya biashara. Miaka ishirini baadaye, Februari 2013, ugomvi huko Buseresere, Geita, uliohusu nani ana haki ya kuchinja nyama inayouzwa kwa umma, uliishia kwa kuuawa kwa mchungaji. Katika matukio kama haya serikali ina wajibu wa kusimamia haki ya raia kuuza na kula anachoruhusiwa na imani yake. Raia mwenye bucha ana haki ya kulindwa, hata kama jirani yake anakereka. Hapo sina shaka.

Ila haki ya bucha na adabu ya sinia ni mambo mawili. Mwenye bucha amekaa mahali pake, na anayemtaka humfuata. Sinia humfuata mgeni alipoketi. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za nchi hii Wakristo walizoea kumwita Mwislamu awachinjie mbuzi wa harusi: hakuna sheria iliyowaamuru, walitaka tu wageni wote wale chungu kimoja. Lugha yetu ya mtaani nayo inaijua mipaka hii. Nguruwe anaitwa kitimoto, anaitwa mdudu, anaitwa mbuzi katoliki. Jina halisi linaachwa lipumzike, ili anayekula ale na asiyekula asiudhike kusikia. Wapo wanaouona huo kuwa unafiki. Mimi nauona kuwa ustaarabu uliotengenezwa na watu wenyewe bila mshauri mwelekezi.

Na Same ina sababu ya pekee ya kuulinda. Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani na kukusanyika hapo wilayani kupinga mbiru, kodi iliyomkadiria kila mtu kwa mali yake. Walikaa kwa zamu mpaka utawala ukachoka, na mwaka 1946 kodi hiyo ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo alituandikia historia yake. Kufikia wakati huo Upare ulikuwa na Walutheri, Wasabato, Wakatoliki, Waislamu, na watu wa mizimu ya mababu. Tunapoandika maandamano tunaandika madai na tarehe, na mpishi husahaulika. Lakini umati unaokaa siku nyingi mbali na nyumbani hauwezi kudumu bila chakula ambacho kila mmoja wao anakubali kukila. Atakayenionyesha chakula cha Upare kinachofaa kazi hiyo kuliko makande ya mahindi na maharage, nitamsikiliza.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, na najua mpo, naongeza jambo moja. Katika sherehe ya nyumbani mwenye nyumba ndiye mwamuzi, na kule Kighare hatimaye jibini ilikaangwa peke yake, bekoni ikawekwa kwenye meza ya pembeni yenye kikaango chake. Katika semina ya halmashauri mwenye nyumba ni mlipa kodi, wa kila dini. Fungu la vitafunwa limo katika bajeti, na mzabuni huleta anachoagizwa. Basi aagizwe kwa maandishi: masinia mawili, vyombo mbalimbali, mafuta tofauti ya kukaangia, na mhudumu aambiwe kumtajia mgeni kilichomo kabla hajanyoosha mkono.