Mifupa ya mawe ya Songwe na udongo wa shamba lako



Juzi mkulima mmoja alinijia hapa Iyunga na jiwe zito, amelifunga kwenye kitenge. Alilikuta ndani ya korongo shambani kwa wajomba zake, bonde la Songwe. Mnunuzi wa mpunga aliyepita huko alikuwa tayari kutoa elfu hamsini. "Bwana shamba, niuze?" Nilimwambia asiuze. Leo naeleza sababu, maana jambo hili linagusa hata udongo tunaolima.

Ukitoka Iyunga ukapita Mbalizi kuelekea Galula na Ziwa Rukwa, utakutana na miamba myekundu ya mchanga. Miaka milioni 100 hivi iliyopita, katika kipindi kinachoitwa Kretasia, mchanga huo uliletwa na mito mikubwa. Milima ya Rungwe na Ngozi ilikuwa haijazaliwa. Afrika ilikuwa ndiyo kwanza inaachana na Amerika ya Kusini. Mbuga za nyasi hazikuwepo, na mahindi, mpunga, ngano na ulezi yote ni jamii ya nyasi. Mimea yenye maua ndiyo ilikuwa inaanza kuenea duniani.

Wanyama walikuwepo, na baadhi wana majina ya Kiswahili. Mwaka 2010 wanasayansi walimtangaza Pakasuchus, mamba mdogo mwenye ukubwa wa paka, aliyekuwa na meno ya kutafuna kama ya wanyama wanaonyonyesha. Jina lake la pili, kapilimai, ni heshima kwa marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2017 akatangazwa Shingopana songwensis, dinosaria mla majani, mwenye shingo ndefu. Kabla yake, mwaka 2014, alitangazwa Rukwatitan bisepultus. Neno hilo la mwisho maana yake "aliyezikwa mara mbili": mto ulimfukia, baadaye maji yakala kingo, yakamfukua, yakamfukia tena.

Hapo ndipo somo la shamba linapoanza. Mfupa hugeuka jiwe kama ukifukiwa mapema kwa mchanga au tope kabla haujaoza. Kisha madini yaliyomo kwenye maji hujaza nafasi zake polepole. Tunauona leo kwa sababu maji yanakata ardhi. Korongo linalokuonyesha mfupa ndilo linalokula shamba. Udongo wa juu wenye rutuba, unene wa sentimita moja tu, huchukua miaka mia na zaidi kujijenga. Mvua moja kubwa kwenye mteremko uliolimwa kutoka juu kwenda chini inaweza kuuondoa wote. Sehemu kubwa ya udongo wetu wa huku juu ni majivu ya volkano. Yale mawe mepesi yanayoelea majini, mengi yalimwagwa na mlipuko wa Rungwe wa miaka 4,000 hivi iliyopita. Ni udongo mzuri, lakini ni mwepesi, na maji huubeba upesi.

Sasa kuhusu kuuza. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, Lindi. Zaidi ya tani 200 zilibebwa vichwani na wapagazi hadi pwani, zikapelekwa Berlin, na mifupa hiyo iko huko mpaka leo. Wapagazi waliambulia ujira wa kubeba tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda visukuku vya wanyama na mimea: ukivigundua unatakiwa kutoa taarifa, na kuviuza au kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Anayekupa elfu hamsini anakuachia kesi. Tena mfupa ukishang'olewa bila kujulikana ulikuwa tabaka gani, sehemu kubwa ya habari yake imepotea.

Kwa hiyo, ukikuta jiwe lenye umbo la mfupa au jino:

1. Usilichimbe wala kulivunja. Weka alama mahali hapo, na piga picha kwa simu.
2. Mwambie mtendaji wa kijiji, naye afikishe kwa afisa utamaduni wa wilaya.
3. Kama umeshalibeba, kumbuka ulipolitoa na uwaonyeshe.

Na kwa korongo lenyewe:

1. Lima kwa kukingama mteremko. Pima makinga maji kwa fremu ya A.
2. Panda majani ya guatemala au mabingobingo juu ya makinga maji. Ng'ombe watapata chakula.
3. Ziba korongo likiwa bado dogo, kwa mawe na matawi, ukianzia juu.
4. Usichome mabaki ya mahindi. Yaache yafunike udongo.

Yule mkulima amelirudisha jiwe kwa mtendaji wa kijiji cha wajomba zake. Tumekubaliana niende tukapime makinga maji kabla mvua hazijaanza. Mwenye korongo linalokua shambani kwake asisubiri, aje ofisini tupange siku.