Watoto wa Nasik

Sisi tulioko ughaibuni, tukiwazungumza wazee waliotutangulia kusoma ng'ambo, kwa kawaida huwataja waliokwenda London au Cairo. Ni nadra kuwataja watoto waliofikishwa India katikati ya karne ya 19 bila ya wazazi wala hiari.

Watoto hao walitekwa bara, wakashushwa pwani na kupakiwa majahazini kwenda kuuzwa Arabuni na Ghuba, ambako kazi za utumwa ziliwangoja majumbani, mashambani na baharini. Manowari za Uingereza ziliyakamata baadhi ya majahazi hayo, na sehemu ya watoto wakateremshwa Bombay. Hapo swali likazuka: mtoto ameachwa huru, sasa aende wapi? Lugha ya mji haijui, jamaa hana, na kwao ni mbali mno.

Wamishenari wa Kianglikana wa C.M.S. wakaweka makao Sharanpur, karibu na mji wa Nasik. Watoto walifundishwa kusoma, kuandika na kazi za mikono kama useremala na uhunzi. Walipewa pia dini mpya na majina mapya. Ndiyo maana tunawajua kama William Jones, Ishmael Semler na Jacob Wainwright, na si kwa majina waliyopewa na mama zao. Malezi yale yalikuwa na gharama yake.

Hata hivyo, elimu ile haikupotea. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Wainwright ndiye aliyemsomea sala za maziko kule Chitambo, katika Zambia ya leo. Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza katika kanisa la Westminster Abbey. Jones na Semler walikuwa wamekwisha kurejea pwani tangu mwaka 1864, kufanya kazi katika misheni ya Rabai, nyuma ya Mombasa.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Miaka miwili baadaye W. S. Price, aliyekuwa mkuu wa Sharanpur, alianzisha Freretown huko Kisauni kwa ajili ya walioachwa huru. Walimu, mafundi na wakalimani wake wengi walitoka Nasik. Aliyeokolewa jana akawa anamfundisha aliyeokolewa leo. Lakini usawa hawakuupata. Walilalamika kwamba mishahara na heshima yao vilikuwa chini ya vile vya Wazungu.

Rabai, chini ya uangalizi wa Jones, ikawa kimbilio la watumwa watoro, ingawa mabwana zao walitishia vita. Tarehe 1 Januari 1889, baada ya mabwana kulipwa fidia, zaidi ya watu 1,000 walipewa hati za uhuru.

Mwaka 2005, Falme za Kiarabu zilipopiga marufuku watoto kuendesha ngamia wa mashindano na kuanza kuwarudisha Pakistan, Bangladesh, Sudan na Mauritania, swali la Bombay lilirudi. Kumtoa mtoto kazini ni shughuli ya siku moja. Kumpa lugha, ufundi na watu wa kumwita ndugu ni kazi ya miaka, na ndiyo inayosahaulika kwanza.

Basi ndugu msomaji, ukipita Kengeleni, Mombasa, itazame kengele ya Freretown. Waliokusanyika kwa mlio wake walikuwa na kwao, na walikuwa na majina.