Mifongo ya Kilimanjaro: nani alikuwa anagawa maji?

Ukitafuta Kilimanjaro kwenye simu, picha ya kwanza inayokuja ni ile kofia nyeupe ya Kibo, na chini yake maandishi kwamba barafu inayeyuka na watu watakosa maji. Kwamba inayeyuka, ni kweli kabisa. Mwaka 1912 barafu ilifunika karibu kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Mtaalamu wa Marekani, Lonnie Thompson, pamoja na wenzake, walikadiria mwaka 2002 kwamba barafu yote ingeisha kati ya 2015 na 2020. Haijaisha, ila safari yake ni hiyo.

Lakini tuliposoma zaidi tukakuta kitu ambacho picha haisemi. Maji wanayotumia watu wa Kilimanjaro, sehemu kubwa sana, hayatoki kwenye barafu. Yanatoka msituni. Mvua na ukungu vinanaswa na miti, maji yanazama ardhini, halafu yanatokea chini kama chemchemi na mito. Kwa hiyo historia ya maji ya mlima huu ni historia ya msitu na ya watu waliokuwa wakiyagawa hayo maji. Tumeichagua makusudi. Wengi wetu humu tumewahi kutumwa kupanga dumu kwenye foleni, na wengine tumekaa kwenye kamati za maji, tunajua bomba linaweza kutoa maji na bado kuna nyumba zikalala bila.

Mmisionari Charles New alipofika Moshi mwaka 1871 alikuta Wachagga tayari wana mifereji kila upande. Wenyewe wanaiita mifongo. Mfongo unaanzia juu, kwenye korongo la mto. Watu wanaweka banio la mawe, matawi na udongo wenye nyasi, maji yanachepuka kidogo, kisha yanasindikizwa ubavuni mwa mlima kilomita nyingi. Pakiwa na bonde wanalaza gogo lililochongwa katikati kama mtumbwi, maji yanavuka juu yake. Hakuna pampu wala saruji, ni mteremko tu uliopimwa kwa macho. Maji yakifika yanaingia kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, na mengine yanashuka hadi mashamba ya chini kumwagilia ulezi wakati wa kiangazi. Ulezi huo ndio wa mbege, kwa hiyo mjue halikuwa jambo dogo.

Kinachotushangaza zaidi ni utaratibu wake. Mfongo ulikuwa na wenyewe: ukoo wa yule aliyeanza kuuchimba. Asiye wa ukoo huo aliweza kuomba maji, na kuomba kulikuwa na heshima zake, pombe ikiwemo. Kila mtu alikuwa na zamu. Banio likibomolewa na mvua, wote wanaotumia wanaitwa kwenda kulijenga, na asiyetokea anapigwa faini au anakosa zamu. Mkorofi aliyefungulia maji usiku alishtakiwa kwa majirani zake, watu ambao kesho yake angewahitaji kusafisha mfereji.

Tusiupambe sana, hata hivyo. Kazi ya mfongo na vikao vyake vilikuwa vya wanaume. Mwanamke ndiye aliyechota, akapika na kunywesha mifugo, lakini kwenye kugawa hakuwa na sauti. Na ukoo wenye mfongo ulikuwa na nguvu juu ya usio nao.

Wakoloni walipoingia, Wajerumani kisha Waingereza, waliikuta mifongo na wengi wao waliistaajabia. Baadaye lugha ikabadilika. Chini ya mlima walikuja masetla, mashamba ya mkonge na ya miwa, na hao nao walitaka maji. Juu, watu waliongezeka, na kahawa ikashika vihamba. Hapo maofisa wakaanza kulalamika kwamba Wachagga wanapoteza maji na kumomonyoa udongo. Sisi tunaona neno "kupoteza" lilikuwa na siri yake. Maji yanayovuja kwenye mfereji wa udongo hayapotei hewani yote, mengi yanazama na kutokea chini kwa mwingine. Ukisema jirani anapoteza, mara nyingi maana yake ni kwamba unayataka wewe.

Baada ya uhuru likaja bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 kwenye mto Pangani ili maji ya Kilimanjaro na Meru yazungushe mitambo ya umeme huko chini. Sheria ya mwaka 1974 ikasema maji yote ni mali ya taifa na anayeyatumia awe na kibali. Mwaka 1991 ikaanzishwa ofisi ya maji ya bonde la Pangani. Sasa fikiria mzee ambaye babu yake alichimba mfongo kwa jembe, anaambiwa ajisajili na kulipia. Serikali nayo ilikuwa na hoja, umeme ule unawasha hospitali. Tatizo ni kwamba hao wawili hawakuwahi kukaa kikao kimoja.

Wasaidizi mnaosoma ukurasa huu, mradi wa Lower Moshi unawahusu. Ulijengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987: mifereji ya zege, mpunga wa kisasa, mavuno mazuri sana. Mafanikio hayo ndiyo yaliyouletea shida. Wakulima wa juu, nje ya mradi, waliona mpunga unalipa, nao wakaanza kulima na kuchepusha maji kabla hayajafika kwenye zege. Eneo la mpunga ndani ya mradi likapungua sana. Hawakuwa wezi, mto ulipita kwao kwanza.

Mwaka 2009 sheria mpya ilitambua vyama vya watumia maji, kwamba wanaochota nao wawe na kiti. Ilichelewa, lakini ni hatua.

Huku watu wakigombania maji chini, juu msitu ulikuwa unaungua. Tangu 1976 mlima umepoteza karibu hekta 13,000 za msitu, hasa kwa moto kwenye ile miti ya juu kabisa inayonasa ukungu. Maji yaliyopotea kwa ajili hiyo yanakadiriwa kulingana na maji ya kunywa ya watu milioni moja kwa mwaka. Picha ya kisiki kilichoungua haisambazwi kama ya barafu.

Mwaka 2005 msitu uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa, na wanaoishi kando yake wakabanwa kwenye kuni na majani ya mifugo. Oktoba 2020 moto mkubwa ukawaka tena juu. Waliopanda kuuzima walikuwa askari wa hifadhi na mamia ya watu wa kujitolea, wakiwemo wanavijiji, wakiupiga moto kwa matawi mabichi.