Kibaba hujazwa, kilo haijazwi

Ramadhani iliyopita nilikwenda na mjukuu wangu dukani, Mji wa Kale, Mombasa, kununua mchele wa zaka ya fitri. Mwenye duka akatuuliza kwa Kimvita chake: “Mwataka pishi ngapi za mtele?” Mjukuu akanivuta kanzu. “Babu, pishi si mapishi?” Nikamuuliza basi kibaba ni nini, kile cha haba na haba. Akajibu bila wasiwasi: “Baba mdogo!”

Mpenzi msomaji, usimcheke. Methali hii tunaikariri tangu utotoni, ila ni wangapi wetu wamewahi kukiona hicho kibaba? Ni kipimo cha nafaka. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliyaingiza maneno kibaba na pishi katika kamusi yake iliyochapishwa London mwaka 1882.

Majina mengi ya vipimo vya pwani yalitoka Uarabuni: shubiri, dhiraa, ratili, frasila. Hata hivyo, kitenzi chenyewe, kupima, ni cha Kibantu. Waganda husema okupima, nao Wakikuyu gũthima.

Wazee wetu walipoeleza sheria ya fitri, kipimo cha Kiarabu kiitwacho saa walikiita pishi, na mudi, ambayo ni robo yake, wakaiita kibaba. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu mzima vilivyounganishwa. Kumbe hapa hapana mizani hata kidogo! Pishi hupima ujazo, kilo hupima uzito, na pishi ya mchele haina uzito sawa na pishi ya unga. Ndiyo maana kila mwaka tunabishana: ni kilo mbili na nusu, au tatu?

Sasa itazame tena ile methali. Haba na haba hujaza, haifikishi uzito. Kilo haijazwi. Anayeielewa vyema leo ni muuza mahindi wa bara, anayejaza gorogoro lake mpaka likafurika.

Tulipofika nyumbani niliunganisha viganja, nikachota mchele mara nne, mjukuu akihesabu. “Ya nne,” akasema, “pishi imetimia.” Nami nikaona kuwa kwa mara ya kwanza methali ile imemwingia mtoto kwa macho, si kwa masikio pekee.